Fundi wa Vitabu na Kazi ya Mkono Wake

Mtu akitajiwa jina la Muhamadi Kijuma wa Lamu, aghalabu humkumbuka kwa utenzi wake wa Fumo Liongo alioutunga mwaka 1913. Ni haki yake kukumbukwa hivyo. Lakini sisi leo tungependa kumzungumzia kwa upande mwingine, ambao watoto wetu hawausikii sana madarasani, nao ni upande wa ufundi. Maana bwana huyu, ambaye jina lake kamili ni Muhamadi bin Abubakar bin Omar al-Bakari, hakuishi kwa mashairi peke yake. Aliishi kwa mikono yake. Alichonga mbao, alinakili vitabu kwa hati ya kupendeza mno, alipiga ala za muziki, alicheza ngoma za mji wake, na aliwasomesha wageni waliomwendea kutaka kujua Kiswahili cha kale. Lau angeulizwa kazi yake ni ipi, sidhani, au tuseme hatudhani, kwamba angeanza kwa kusema yeye ni mshairi.

Alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855 na akafariki mwaka 1945. Ni umri wa miaka kama 90, na katika miaka hiyo kitabu kilibadilika mbele ya macho yake. Alipokuwa mtoto, kitabu pwani hii kilikuwa kitu kilichoandikwa kwa mkono, kurasa zake zikashonwa kwa uzi, kikavikwa jalada la ngozi na kuwekwa juu ya kidaka cha ukuta au ndani ya kasha. Wazee walikiita chuo, na mahali pa kukisomea pakaitwa chuoni. Ndipo neno hilo tunalolitumia leo kwa majumba makubwa yenye wakuu na wahadhiri lilipotoka. Alipofariki, vijana wa shule walikuwa wakisoma vitabu vya chapa kwa hati za Kirumi, na mtu aliyejua kuchonga kalamu ya tete alikuwa wa kutafutwa.

Tumeona inafaa kumtaja fundi huyu kwa sababu ya jambo linalotutia wasiwasi. Vyuo vya kale vya pwani yetu vinakufa. Havifi kwa vita wala kwa moto. Vinakufa polepole, kwa mchwa, kwa mende, kwa ukungu na kwa jasho la kuta za mawe ya matumbawe, na kwa sehemu kubwa vinakufa kwa kukosa mtu wa kuvishughulikia. Tuna wachongaji wa milango. Tuna washona kofia. Tuna mafundi wa jahazi. Lakini fundi wa kutengeneza kitabu kilichochakaa, akakirudishia uhai wake bila kukiharibu, ni wachache mno wa kuhesabika, na kijana anayetaka kujifunza kazi hiyo haoni mlango wa kubisha.

PATASI NA KALAMU

Watu wa zama hizi wamezoea kuuweka ufundi wa mbao mbali na ufundi wa maandishi. Mmoja huhesabiwa kazi ya jasho na mwingine kazi ya elimu. Kwa Kijuma na wenziwe mpaka huo haukuwako. Mwenye kutazama mlango wa nakshi wa Lamu au Unguja huona mara nyingi kwamba juu yake, katika kizingiti, pamekatwa maneno ya Kiarabu, pengine pamoja na mwaka wa Hijra. Asiyejua kuandika hawezi kukata maneno yale yakasomeka. Na asiyejua ubao unavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake hawezi kuyakata yakadumu. Fundi alihitaji vyote viwili, na kufahamu kwa jicho jinsi mstari unavyonenepa na kukonda.

Kalamu ya tete nayo ni kazi ya useremala mdogo. Hukatwa kwa kisu kikali, ncha yake ikalazwa upande, ikapasuliwa kidogo katikati ili wino ushuke taratibu. Upana wa ncha ndio unaoamua upana wa herufi, kwa hiyo mwenye kunakili kitabu kirefu alipaswa kuichonga kalamu yake tena na tena bila mwandiko kubadilika. Wino uliotumika kwa karne nyingi katika nchi za Kiislamu ni wa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti. Wino huo una sifa moja kubwa: hauli karatasi. Upo wino wa namna nyingine, unaotengenezwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni, ambao huwa mweusi wa kupendeza siku za kwanza, lakini baada ya miaka mingi hugeuka rangi ya kahawia na kuuchoma ukurasa hata herufi zikadondoka kama matundu. Fundi wa kutengeneza vitabu huuliza kwanza: huu ni wino gani? Jibu la swali hilo ndilo linalomwambia kama maji yanaweza kuusogelea ukurasa ule au la.

Hapana budi kutaja hapa mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ulikuwa mji wa mafundi kwelikweli. Huko ilifanyika kazi ya ngozi, kazi ya mbao na kazi ya kunakili na kujalidi vitabu. Misahafu ya Siyu inajulikana hata leo miongoni mwa wataalamu kwa mapambo yake ya wino mweusi, mwekundu na wa manjano, yaliyochorwa kando ya aya kwa namna isiyofanana na misahafu ya Misri wala ya Uturuki. Karatasi yake ilitoka ng'ambo, ikiletwa na wafanya biashara kutoka Ulaya, nayo ukiinyanyua mbele ya mwanga utaona alama ya kiwanda chake ndani ya ukurasa. Basi kitabu kimoja kilibeba karatasi ya Mtaliano, ngozi iliyotengenezwa kwetu, na mkono wa Mswahili wa Pate. Misahafu kadhaa ya namna hiyo imo katika majumba ya makumbusho, ndani na nje ya Afrika ya Mashariki. Mingine imo katika makasha ya watu, na mwenye kasha pengine hajui alichonacho.

KUNAKILI NDIKO KULIKOKUWA KUHIFADHI

Msomaji anaweza kuuliza: mbona wazee wetu hawakuwa na fundi wa kutibu vitabu, na vitabu havikupotea? Jambo hili linastahili kufikiriwa. Katika hewa ya pwani, yenye joto na unyevu mwaka mzima, karatasi haiwezi kutarajiwa kuishi miaka 500. Wazee walilijua hilo. Walichokifanya ni kukinakili kitabu kabla hakijafa. Mwenye utenzi uliochakaa alimtafuta katibu mwenye hati nzuri, akampa karatasi mpya na ujira wake, na utenzi ukazaliwa upya. Chuo cha Herekali, ambacho wengine hukiita Utendi wa Tambuka, kilitungwa Pate mwaka 1728, na kimetufikia kwa njia hiyo ya mkono kwa mkono. Kitabu kilikuwa kama moto wa jikoni: hakuna aliyeuliza kijinga cha jana kiko wapi maadamu moto unawaka.

Mpango huo ulikuwa madhubuti kwa muda wote ambao makatibu walikuwako. Ndipo zikaja chapa. Misahafu iliyochapwa Bombay na Misri ikafika kwa wingi na kwa bei nafuu. Unguja nayo, katika enzi ya Sayyid Barghash aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ikapata mtambo wa chapa wa serikali. Baadaye serikali za kikoloni zikaifanya hati ya Kirumi kuwa hati ya shule na ya ofisi, na ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki mwaka 1930 kazi ya kusanifisha lugha ilikwenda kwa hati hiyo hiyo. Hatusemi kwamba hilo lilikuwa kosa. Gazeti hili lenyewe msomaji analisoma kwa hati hiyo. Tunasema tu kwamba siku watu walipoacha kunakili, vitabu vya kale viliachiwa umri wake wenyewe. Kila chuo kilichokuwa kikisubiri kuzaliwa upya kikabaki kama kilivyo, na tangu siku hiyo kitu pekee kinachosimama baina yake na mchwa ni ule mwili wake wa karatasi, uzi na ngozi.

Kwa hiyo mambo yamepinduka. Zamani, kuyaokoa maneno kulitosha. Leo hatuna budi kuuokoa mwili.

Kijuma alisimama mahali pale pale mpinduko huo ulipotokea. Wateja wake wa mwisho walikuwa Wazungu. Bibi Alice Werner, aliyezuru pwani hii kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akafundisha Kiswahili London, alipata maandishi kutoka kwake. Bwana William Hichens, aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliendelea kumwagizia nakala za tenzi kwa barua. Bwana Ernst Dammann wa Ujerumani alikaa Lamu katika miaka ya 1936 na 1937 akisoma kwake, na mwaka 1940 akachapisha Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Kwa wote hao mzee alinakili na akalipwa. Yapo watu wanaomlaumu kwa kuuza urithi. Sisi hatumo katika kundi hilo. Aliuza kazi ya mkono wake, kama fundi yeyote, kwa wakati ambao nyumbani hapakuwa na mnunuzi. Na nakala nyingi za mkono wake ambazo wasomi wanazitumia leo ni zile zilizomo London na Ujerumani, zimelala katika hewa ya baridi na kavu, ndani ya visanduku vilivyopimwa. Tungependa zaidi zile zilizobaki Lamu nazo zingelala hivyo.

SOMO LA MAFURIKO YA FLORENCE

Ufundi wa kutibu vitabu kama unavyojulikana leo ulipata umbo lake kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1966, mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, Italia. Maji yenye matope na mafuta ya kupashia moto majumba yaliingia katika maktaba kuu ya taifa iliyoko ukingoni mwa mto, yakavizamisha vitabu na magazeti zaidi ya milioni moja. Vijana kutoka nchi nyingi walijipanga mistari ndani ya matope wakavipitisha vitabu mkono kwa mkono hadi juu. Lakini baada ya kuvitoa ilibidi kuviponya, na dunia nzima haikuwa na mafundi wa kutosha kazi hiyo.

Kutoka Uingereza alikwenda Bwana Peter Waters pamoja na wenziwe. Waters alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na Bwana Roger Powell, yule fundi aliyekijalidi upya Kitabu cha Kells cha Ireland mwaka 1953 katika juzuu nne. Huko Florence walipanga kazi kama kiwanda: hapa pa kuosha, hapa pa kukaushia, hapa pa kuunga kurasa, hapa pa kushona, na kila kitabu kikawa na kadi yake ya kueleza ugonjwa na tiba, kama mgonjwa wa hospitali. Mmoja wa mafundi wa kundi hilo, Christopher Clarkson, alifanya jambo ambalo sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote. Aliviangalia vitabu vilivyotoka majini na kujiuliza ni vipi vilivyoumia kidogo. Akaona kwamba majalada manyonge, yale ya ngozi laini isiyo na ubao wala gundi mgongoni, yaliyohesabiwa kuwa ya mtu maskini, yaliyahimili maji kuliko majalada ya fahari yaliyogandishwa kwa gundi nyingi. Kitabu kilichoshonwa kikaachwa kipumue kiliishi. Kilichobanwa kilijivunja chenyewe.

Tunalitaja hilo kwa sababu linatuhusu. Kitabu cha Kiislamu, na chuo cha pwani ni mmoja wa jamaa hiyo, kimeshonwa kwa desturi inayokaribiana na ile iliyosalimika Florence. Mafungu ya kurasa huungwa kwa mshono mwepesi wa mnyororo, mara nyingi wa vituo viwili tu, bila kamba nene mgongoni. Mgongo hutiwa kitambaa, ukaachwa bapa. Jalada halizidi ukubwa wa kurasa, na upande wa kushoto huwa na ulimi unaokunjwa kufunika ukingo wa mbele, ili kitabu kilale kimefumbika. Maana kitabu hicho kilikusudiwa kulazwa ubavu, hakikukusudiwa kusimamishwa katika rafu. Basi, katika karne ya 19 na hata ya 20, maktaba nyingi za Ulaya zilipopata vitabu vya namna hiyo ziliwapa mafundi wao wavitengeneze, na mafundi wale kwa nia njema kabisa wakaukata ulimi, wakauviringisha mgongo, wakautia gundi ya moto, na wakavisimamisha. Vitabu hivyo leo havifunguki vizuri, na alama za mshono wa kwanza zimepotea milele. Ugonjwa ule ulitokana na tiba.

Kutokana na makosa kama hayo yakaja masharti ambayo fundi wa leo huapishwa nayo, kama si kwa mdomo basi kwa mazoea. La kwanza, usifanye jambo usiloweza kulifumua. La pili, fanya kidogo iwezekanavyo. La tatu, andika ulilolifanya, ili fundi atakayekuja baada ya miaka 100 asikisie.

MEZA YA FUNDI

Ni kazi gani hasa anayoifanya siku nzima? Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza huenda akadhani hafanyi lolote. Asubuhi yake hupita kwa brashi laini, akisafisha vumbi na kinyesi cha wadudu kurasa moja moja, kutoka katikati kwenda ukingoni. Kazi ya kitabu kimoja cha kurasa 300 huweza kumla majuma. Hapaswi kuharakisha, wala hapaswi kuvutiwa na uzuri wa kitabu akasahau kuhesabu kurasa.

Gundi yake ni uji. Hatufanyi mzaha: ni wanga wa ngano uliochujwa, ukapikwa na maji polepole huku ukikorogwa, ukapoa, kisha ukapitishwa katika chujio mara mbili tatu hadi uwe laini kama maziwa ya mgando. Ubora wake ni kwamba miaka 50 ikipita na mtu akataka kuutoa, kitambaa chenye unyevu kinatosha. Ubaya wake ni kwamba mende na wadudu wengine wanaupenda kama sisi tunavyoupenda uji, kwa hiyo fundi wa pwani huupaka mwembamba, na chumba chake hukiweka kikavu. Karatasi ya kuungia huwa ile ya Wajapani, itengenezwayo kwa mkono kutoka maganda ya mti wa jamaa ya mforosadi. Nyuzi zake ni ndefu na zenye nguvu, ingawa karatasi yenyewe huwa nyembamba hata maandishi yakasomeka chini yake. Fundi haikati kwa mkasi. Huilowesha mstari kwa maji na kuichana, ili ukingo ubaki na ndevu ndogo zinazoshikana na ukurasa wa zamani bila kuacha mpaka mkali wa kuukata.

Adui yake mkubwa, kuliko mchwa, ni selotepu. Mwenye kitabu huiona kurasa imepasuka, akaihurumia, akaipiga utepe. Baada ya miaka michache plastiki hujibandua yenyewe, lakini gundi yake inabaki ndani ya karatasi, ikageuka manjano na kisha kahawia, na kuiondoa ni kazi ya dawa kali zinazotishia wino. Tungeweza kusema mengi juu ya utepe huo, lakini tutaishia hapa kwa heshima ya wale walioutumia kwa mapenzi.

Vitabu vipya nao havikusalimika. Tangu katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kutengeneza karatasi kwa miti badala ya matambara ya pamba na kitani, na karatasi hiyo ina tindikali inayoila kutoka ndani. Ndiyo sababu gazeti la mwaka 1950 huvunjika mikononi, hali msahafu wa mwaka 1800 unakunjika bila kulalamika. Fundi wetu, basi, hawezi kuwa fundi wa vitu vya kale peke yake; magazeti ya siku za uhuru yatamhitaji zaidi.

WENYE VITABU NA HOFU YAO

Yapo mambo yaliyokwisha fanywa, na ni haki kuyataja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya maandishi ya Kiswahili na Kiarabu, iliyokusanywa kwa jitihada ya Bwana J. W. T. Allen na wenziwe, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, zina vitabu vya Kiarabu vya thamani. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, vimepigwa picha katika karne hii chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa maandishi yaliyo hatarini, na picha hizo mtu wa mahali popote anaweza kuzisoma.

Picha ni jambo jema, nasi tunaziunga mkono. Kwa namna fulani ni ule ule unakili wa wazee uliorudi kwa sura mpya. Hata hivyo picha haiwezi kukuonyesha jinsi kurasa zilivyoshonwa, wala alama ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi, wala tone la nta ya mshumaa linalokuambia kwamba kitabu kilisomwa usiku. Na tumekwisha sikia hoja, kutoka kwa watu wanaopaswa kujua zaidi, kwamba kitabu kikishapigwa picha hakina haja ya kutengenezwa. Hoja hiyo tunaipinga kwa nguvu zetu zote. Mtu hamwachi baba yake afe kwa sababu ana picha yake ukutani.

Ugumu ulio mkubwa zaidi uko majumbani. Vitabu vingi vimo mikononi mwa jamaa, vikirithiwa pamoja na nyumba, na wenyewe wana hofu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Kwa zaidi ya miaka 100 wageni wamekuja, wakaazima, wakaahidi, na vingine havikurudi. Bibi mwenye kasha la marehemu babu yake anapoombwa akitoe kitabu kipelekwe mjini kwa matengenezo, husikia sauti ile ile ya zamani. Kumwita mjinga ni kumkosea adabu. Kwa maoni yetu dawa ni moja: kitabu kisitoke, fundi ndiye aende. Kazi hii haihitaji mtambo mkubwa. Shinikizo dogo la mbao, sindano, uzi wa kitani, brashi, kisu, kibano, sufuria ya uji na furushi la karatasi vyaingia katika sanduku moja, na fundi anaweza kukaa ukumbini kwa mwenyewe wiki nzima, mwenyewe akimwangalia. Mafundi wa kuchonga milango walifanya hivyo hivyo. Waliishi kwa mteja mpaka mlango ukasimama.

Mpaka fundi huyo atakapokuja, mwenye kitabu anaweza kujisaidia kwa machache. Asikianike juani, kwani jua hulipasua jalada na kuufifisha wino. Asikipulizie dawa ya mbu. Asikiegemeze kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe, maana ukuta ule hunyonya unyevu na kuutema. Akifunge kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na rangi, akilaze, na akifunue mara kwa mara mahali penye hewa, kwa sababu wadudu wanapenda palipo na giza na utulivu. Kama wadudu wameshaingia, ipo tiba ya baridi: kitabu hufungwa kabisa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikawekwa katika friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki moja, kisha kikaachwa ndani ya mfuko wake mpaka kipate joto la chumba, ili umande usikishukie. Tunashauri hili lisijaribiwe bila kumwuliza mwenye ujuzi, na hasa lisijaribiwe katika friza yenye samaki.

KARAKANA YA KUANZIA

Tunavyoona sisi, ombi letu si la majumba. Ni la vijana wanne au watano, wake kwa waume, wenye vidole vitulivu, wakiwekwa pamoja na mafundi wachache waliokwisha jifunza kazi hii katika nyaraka na makumbusho, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Wajifunze pia kusoma hati ya Kiarabu, maana kumkabidhi kitabu mtu asiyeweza kujua kama kurasa zimepangwa sawa ni hatari. Wajifunze ngozi kwa watengeneza viatu, na mbao kwa wachongaji wa Lamu. Tungetaka wakae pwani, ambako unyevu upo, kuliko kupelekwa nchi kavu kusomea ugonjwa usiokuwako.

Juu ya gharama, kitu kimoja kinachoumiza mfuko ni ile karatasi ya Kijapani. Hapo ndipo tungependa vyuo vyetu vya ufundi vijaribu jambo. Mti wa jamaa hiyo, uitwao na wataalamu Broussonetia papyrifera, uliletwa Uganda katika karne iliyopita, nao umeipenda ardhi ya huko kupita kiasi. Umeenea katika misitu ya Budongo na Mabira hata wenye kulinda misitu wanauhesabu kuwa gugu la kung'olewa. Waganda, kwa upande wao, wanajua tangu zamani kuyapiga maganda ya mutuba kwa nyundo za mti hadi yakawa nguo, na ustadi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Maganda yapo, mikono iliyozoea kuyapiga ipo, na pwani yapo makasha ya vyuo vinavyosubiri kiraka. Mtu wa kukata mzigo wa kwanza wa fito hizo, akazichemsha na majivu na kujaribu zitatoa karatasi ya namna gani, hahitaji ruhusa ya mtu ng'ambo.